Jogoo anawika vizuri tu, ila sijawahi kumtamani mtu: je, naumwa?

"Shikamoo dokta. Mimi kijana wa miaka 31 niko Mwanza, kazi yangu dagaa pale mwaloni Kirumba, nanunua toka visiwani nawauzia wanaopeleka mikoani. Naomba usinicheke. Tangu nibalehe sijawahi kumtamani mtu kimwili. Sio mwanamke, sio mwanaume. Wenzangu kijiweni akipita binti wanageuka mpaka shingo zinauma, mimi naona tu mtu kapita na beseni. Mashine inafanya kazi, asubuhi jogoo anawika kama kawa, ila haimtaki mtu. Sasa nina mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, nampenda kweli, Jumapili tukikaa Capri Point tunaangalia ziwa naweza kupiga nae stori mpaka giza linaingia, nikiumwa yeye ndio wa kwanza kumtafuta. Ila nikifikiria kulala nae sisikii kitu. Yeye anadhani namheshimu nasubiri ndoa. Wazee wameshakaa kule kwetu Magu wanaongelea ng'ombe, harusi Desemba. Rafiki yangu kaniletea vumbi la Kongo nikatumia mara mbili, moyo ukaenda mbio kichwa kikagonga vibaya, hamu haikuja. Shangazi anasema nina jini mahaba, anataka nikaombewe. Nikaingia Google nikakutana na neno asekshuali, nikafurahi, kufungua zaidi naletewa ameba na mgomba. Dokta mimi ni mgonjwa? Nitapona? Na huyu binti nimwambie, au ninyamaze nioe, mengine yatajipa mbele ya safari?"

Marahaba mdogo wangu. Sijakucheka, isipokuwa pale kwenye ameba nimecheka kidogo, na sio kwa ubaya, maana mtu anatafuta majibu ya maisha yake saa nane usiku halafu simu inamletea mgomba. Meseji yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza maswali manne umeyafunga gunia moja: mwili wangu una ugonjwa, hili neno la kwenye simu linanihusu, kuna dawa, na huyu mwalimu nimwambie. Nitalifungua gunia ila naanza na mgomba, kwa sababu ndio uliokuvuruga.

Hilo neno lina kazi mbili. Kwenye baiolojia ni namna kiumbe kinavyozaliana bila dume na jike kukutana. Ameba anajigawa katikati wanakuwa wawili, basi. Mgomba unatoa chipukizi pembeni, unaling'oa unapanda kwingine, hakuna mbegu hapo. Muhogo unakata pingili unachomeka ardhini, viazi vitamu unapanda marando, yani kila mkulima wa Usukuma kafanya huu uzazi kwa mikono yake bila kuujua jina. Na gugumaji, lile lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 likaanza kuziba mialo, nguvu yake iko hapohapo, mmea mama unanyoosha mkono juu ya maji, kwenye ule mkono kunaota mtoto, mtoto nae ananyoosha wake, mkija kushtuka mitumbwi imefungiwa. Hata kichocho, na hapa wewe mtu wa ziwani sikiliza vizuri, kikiwa ndani ya konokono kinajizidisha maelfu bila dume wala jike, kikishapenya kwenye ngozi yako ndio kinakuwa minyoo dume na jike, na hao wakikutana jike anaingia kwenye mfereji ulioko mwilini mwa dume wanakaa hivyo miaka. Wanandoa hasa. (Kama hujapima kichocho siku nyingi kapime, haihusiani na swali lako ila siwezi kujua unakanyaga maji kila siku nikanyamaza.)

Binadamu hayumo humo. Kwa mamalia yai peke yake bila mbegu ya baba haliwezi kufika mbali, kuna jeni lazima zije na alama ya baba na nyingine lazima zije na alama ya mama, zikikosekana za upande mmoja mimba haikui. Kwahiyo mtu akisema yeye ni asekshuali hasemi anazaliana kama mgomba, hasemi hana jinsia, wala hasemi hana uzazi. Anasema jambo moja tu, kwamba hakuna mtu anayemvuta kimwili. Neno moja kubeba mizigo miwili halijaanza leo, sisi wenyewe kupanda ni mahindi na kupanda ni mlima na bado hakuna anayechanganyikiwa shambani.

Sasa tuje kwako. Kijiweni wanaharibu mambo kwa sababu vitu vingi tofauti wamevipa jina moja, "nguvu za kiume", halafu kijana akikosa kimoja anaambiwa kakosa vyote. Ngoja tuvitenganishe.

Kuna nguvu yenyewe, maana yake damu kujaa uume ukasimama. Hiyo ni kazi ya mishipa. Mishipa ya fahamu inatoa hewa fulani inaitwa naitriki oksaidi, mishipa ya damu inalegea, damu inaingia kwa wingi halafu inabanwa isitoke. Mwanaume mzima inamtokea mara tatu mpaka tano kwa usiku mmoja, hasa kwenye ule usingizi wa ndoto, na wala haihitaji kuota mtu, hata mtoto mchanga wa kiume inamtokea na mama zake wanaona wakimbadilisha nepi. Jogoo wako wa asubuhi ndio mwisho wa hiyo safari ya usiku. Ananiambia mimi dokta kwamba kwa sehemu kubwa mishipa yako ipo sawa na homoni zako zipo, ila hasemi chochote kuhusu unamtaka nani.

Halafu kuna ashki, lile joto la mwili linalokuja lenyewe bila sababu. Kuna matamanio, ambayo ni hilo joto kupata anwani, yani linaelekea kwa mtu fulani. Kuna mapenzi, ya kutaka kuwa na mtu, kumkumbuka, kumwambia wewe wa kwanza ukipata habari. Na kuna useja, huo ni uamuzi, padri anaweza kutamani vizuri tu kama mtu mwingine na akaamua kuishi bila tendo kwa sababu ya wito wake. Wewe hujaamua kitu, ndivyo ulivyojikuta.

Chukulia mtumbwi wenye injini. Injini inawaka, hiyo nguvu. Mafuta yapo kwenye tenki, hiyo ashki, ingawa kuna wenzio tenki lao liko karibu tupu. Ila nahodha akisimama akaangalia visiwa vilivyo mbele, Ukerewe hapamwiti, Kome hapamwiti, Maisome hapamwiti. Mtumbwi hauna hitilafu. Fundi ukimpelekea atafungua plagi atasafisha atarudisha, atakwambia bosi hapa hakuna kitu, na atakuwa anasema kweli. Na huyohuyo nahodha anaweza kuwa na mtu anayependa kukaa nae ndani ya mtumbwi jioni nzima bila kwenda popote, na hapo ndio naona wewe na mwalimu wako pale Capri Point. Wapo pia wasiovutwa kimwili na hata mapenzi ya wachumba hawayasikii, wanapenda ndugu na marafiki inatosha, wanaitwa aromantiki. Kwa maelezo yako wewe sio wa huko, mtu anayesema "nikiumwa yeye ndio wa kwanza kumtafuta" anapenda.

Usidhani haya ni mambo ya vijana wa TikTok. Alfred Kinsey, mtafiti wa Marekani, mwaka 1948 alipotoa utafiti wake kuhusu wanaume aliwapanga watu kwenye ngazi ya 0 mpaka 6 kutokana na wanavutwa na nani, halafu akakuta wapo wasiokaa kwenye ngazi yoyote, akawawekea herufi X akaendelea na safari yake. Walikaa hapo kwenye X miaka mingi bila mtu kuwauliza habari zao. Mwaka 2001 kijana mmoja wa huko Marekani, David Jay, akafungua mtandao unaitwa AVEN, watu wakaanza kukutana kwa jina. Mwaka 2004 Anthony Bogaert wa Kanada akachukua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000 waliokuwa wamehojiwa zamani kwa ajili ya utafiti mwingine, akakuta kama mmoja kwenye kila mia alichagua jibu la kwamba hajawahi kuvutwa kimwili na mtu yeyote. Hao ni Waingereza, siwezi kukubandikia namba yao hapa Kirumba, lakini ukikaa kwenye ukumbi wa harusi wenye watu mia tatu sio ajabu kuna wawili watatu wanapiga makofi huku wanajiuliza swali lako.

Hukohuko Kanada mwaka 2011 Lori Brotto na Morag Yule walipima wanawake waliojitambua hivyo, waliwaonyesha picha za mapenzi huku kifaa kinapima damu ukeni, na miili yao iliitika sawasawa na ya wanawake wengine. Injini inawaka, nahodha haendi. Na mwaka 2013 kile kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanatumia kutaja magonjwa kiliandika wazi kwamba mtu akiwa maisha yake yote hana hamu na yeye mwenyewe anajielewa kuwa ni asekshuali, usimwandikie ugonjwa wa kukosa hamu. Ili tuite ugonjwa lazima pia hiyo hali yenyewe iwe inamtesa. Hapa kuwa mwangalifu na nafsi yako, tofautisha "nateseka kwa sababu sitamani" na "nateseka kwa sababu kijiwe, shangazi na Desemba wananisubiri". Nilivyokusoma, mateso yako mengi ni ya aina ya pili.

Chanzo je? Hakuna homoni moja iliyokamatwa, wala jini wala jeni. Hata kwa wanyama, kondoo dume waliochunguzwa Marekani wapo wachache wenye afya nzuri kabisa wanaowekwa na majike hawapandi, wanawekwa na madume hawapandi, wanakula majani yao. Wafugaji wa kwetu nadhani wanawajua hao, ila mwisho wao huwa supu.

Shangazi usigombane nae. Kwa lugha anayoijua yeye, kijana mzima hana hamu na mtu lazima kuna mwingine asiyeonekana kamshika, na anakupenda ndio maana anahangaika. Kama maombi yanakupa utulivu nenda kaombe, hayo hayamdhuru mtu. Usikubali kufungwa, kupigwa ili "kitoke", kulazimishwa kufunga kula siku nyingi au kunyweshwa dawa usiyoijua. Na kama mzee wa dini atakwambia jambo hili halijawahi kuwepo duniani, mwambie kwa adabu asome Mathayo 19 mstari wa 12, panataja matowashi waliozaliwa hivyo toka matumboni mwa mama zao, au Suratun Nur aya ya 31, wanatajwa wanaume wasio na matamanio kwa wanawake. Towashi sio sawasawa na wewe, silazimishi, ila wazee wa zamani walishaona kwamba watu hawako sawa kwenye hili.

Vumbi la Kongo lirudishe kwa mwenyewe. Leo. Vitu vya namna hiyo vinavyouzwa kama mitishamba vimekutwa sehemu nyingi duniani vimechanganywa na sildenafil, ile dawa ya kwenye Viagra, bila kipimo, na mtu anadhani kanywa mizizi. Sasa hiyo dawa kazi yake ni kusaidia damu ikae kwenye uume pale ambapo hamu imeshaanza, haitengenezi hamu. Ukiinywa na huna unayemtamani unapata maumivu ya kichwa, uso kuwaka na moyo kwenda mbio, ndio hayohayo uliyoyaona. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya naitreti akiichanganya presha inaweza kushuka mpaka akafa. Ulikuwa unamwagia petroli mtumbwi ambao tenki lake halikuwa na shida.

Lakini nisikudanganye kwamba kila asiye na hamu yuko salama. Swali ninalomuuliza kila anayekaa kwenye kiti changu ni hili: haijawahi kuwepo, au ilikuwepo ikapotea? Hilo swali linafanya kazi kuliko vipimo vingi. Aliyekuwa nayo ikapotea, huyo natafuta mwizi. Natafuta kisukari, natafuta tezi ya shingoni kama imelala, natafuta testosteroni kushuka, natafuta homoni ya prolaktini kama imepanda (mwanaume anaweza hata kutoka maziwa kwenye chuchu, kichwa kikauma na macho kuona vibaya pembeni, huyo hasubiri wiki). Naangalia dawa anazokunywa, maana dawa za sonona kama fluoksetini zinaua hamu kwa wengi, baadhi ya dawa za presha pia, na dawa za magonjwa ya akili zinazopandisha prolaktini. Naangalia pombe. Naangalia sonona yenyewe, mtu kafilisika, mtumbwi umezama na nyavu, halali wala hali, halafu anashangaa hamu imekwenda wapi. Na nauliza taratibu kama kuna jambo baya alifanyiwa utotoni. Hilo nalo ni kwako, silazimishi unijibu hapa, ila kama lipo na ukifikiria kuguswa unapata hofu, jasho au kichefuchefu na sio tu kutojali, basi ni habari nyingine na ina msaada wake.

Wewe umesema haijawahi kuwepo, na jogoo anawika. Hapo nabakiza kitu kimoja tu cha kuhakikisha, je ulibalehe kikamilifu? Sauti ilivunjika, ndevu ziliota, korodani zilikua? Kuna vijana ubongo wao hautoi ile amri ya kubalehe, wanabaki na mwili wa kitoto mpaka ukubwani na hamu haiji, na baadhi yao wana alama moja ya ajabu, hawasikii harufu kabisa. Hali hiyo inaitwa Kallmann na inatibika. Wewe ni mtu wa dagaa, nadhani kama ungekuwa hausikii harufu pale mwaloni mchana wa jua kali ungekuwa umeshajua, wenzio wangekushangaa. Kama kubalehe kulikamilika na pua inafanya kazi, hilo tunalifuta.

Na lile jambo ambalo hujaliandika ila liko kati ya mistari, ulipotaja "sio mwanaume". Najua mtaani asiyehangaika na wanawake anaitwa nani. Kutomtamani mwanamke hakumaanishi moja kwa moja unamtamani mwanaume, aliyekataa wali sio lazima awe amekataa kwa sababu anataka ugali, pengine hana njaa tu. Umejieleza vizuri na nimekuamini.

Utapona? Neno hilo silitumii kwa kitu ambacho sio ugonjwa. Hali inaweza kubadilika? Wapo ambao miaka ikienda, wakiwa na mtu mmoja waliyemzoea sana, kunachomoza kidogo kitu walichokuwa hawakijui. Wapo wengi hakichomozi kamwe. Kujenga ndoa juu ya "labda itakuja" ni kama kukopa hela ya mafuta kwa ahadi ya dagaa ambao mbalamwezi bado haijakwisha, unajua mwenyewe mwezi ukiwa mkali taa hazivuti kitu.

Kwahiyo tunafika kwa mwalimu. Mwambie. Na mwambie kabla ng'ombe hawajatoka zizini, sio baada. Nasema hivi sio kwa sababu ya sheria, ingawa sheria ipo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mwenzi kuomba mahakama ibatilishe ndoa ambayo haikukamilishwa kwa tendo kwa sababu mmoja hakuweza au alikataa kwa makusudi. Nasema kwa sababu ya kitu ninachokiona kazini. Mwanamke aliyeolewa na mwanaume asiyemgusa haendi kufikiria "mume wangu ni asekshuali". Anafikiria mimi nanuka, mimi mbaya, ana mwingine nje. Anakonda, anaanza kupekua simu, ndugu wanamuuliza mbona tumbo halionekani, anabeba lawama ya kitu asichokijua jina. Wewe una siri moja inakutesa miaka zaidi ya kumi na unaijua, fikiria yeye atateswa na siri ambayo hajui hata kama ipo. Yeye ana haki ya kuwa na matamanio yake na ya kuchagua kama anaweza kuishi na mtu asiyekuwa nayo.

Usimtume mshenga kwa hili, mshenga ni wa ng'ombe. Wala usimwambie kwa meseji, meseji inapigwa picha inafika Magu kabla yako. Kaa nae palepale mnapokaaga, ongea polepole, kitu kama hiki: "Nakupenda, na nataka kuzeeka na wewe. Kuna jambo la mwili wangu lazima ulijue kabla hatujaenda mbele. Sijawahi kumtamani mtu kimwili, hata mmoja, sio wewe tu. Sina ugonjwa wa kukuambukiza na sina mwingine. Naomba ulifikirie, na uniulize chochote." Halafu nyamaza umwache. Anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kusema bora umeniambia. Hapo huna mamlaka.

Kama atasema tuendelee, kuna njia kadhaa na zote zina bei yake. Kuna wasiovutwa ambao tendo lenyewe haliwachukizi, hawalitafuti ila wanaweza kulifanya kwa upendo kama mtu anavyompikia mwenzie chakula ambacho yeye hali, wanakubaliana mara ngapi, wanaishi, wanazaa. Mbegu zako hazina habari na matamanio yako, uwezo wa kuzaa ni jambo jingine kabisa. Kuna ambao tendo linawachukiza kweli, hao wakijilazimisha kila wiki wanaishia kumchukia na mtu mwenyewe, na ndoa ya namna hiyo mimi siishauri. Wewe uko upande gani? Umeandika "sisikii kitu", hujaandika "nachukia", na tofauti ya hayo maneno mawili ni kubwa kuliko unavyodhani, ila ukae nayo peke yako kwanza uwe na uhakika. Na kama mtaamua kuachana, wazee wataongea mwezi mmoja watachoka, ng'ombe wasiotolewa hawahitaji kurudishwa. Kuahirisha Desemba pia ni njia, watu wanaahirisha kwa sababu ya msiba na ya mavuno, mnaweza kuahirisha kwa sababu hamjamaliza kuongea.

Kuna njia nyingine ambayo wengi wanaipita, kuoa kimya halafu kuanza kutoroka, safari za visiwani zisizoisha, kulala sebuleni na mpira, pombe kila jioni. Nimeshakaa na wanaume wa hivyo wakiwa na miaka hamsini. Sitaki uje na wewe.

Hospitali nenda, na nenda ana kwa ana, mimi kwenye maandishi siwezi kukupima. Kama ule moyo kwenda mbio umerudi bila kutumia lile vumbi, au kifua kinabana, hiyo ni ya leo sio ya kesho. Kama huna usingizi kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au umeanza kufikiria ni bora usingekuwepo, nenda upesi na umwambie na mtu mmoja unayemwamini kabla hujafika, Bugando wana idara ya afya ya akili na wanaongea na watu wazima wenye kazi zao kila siku, sio lazima uwe umevua nguo barabarani. Ukiamua kumleta mwalimu mkaongea mkiwa na mtaalamu wa ushauri katikati, ni vizuri zaidi, kuna maswali mwalimu atamuuliza huyo mtaalamu ambayo wewe yangekuwa mazito kuyajibu.

Ukitaka vipimo kwa ajili ya kutoa wasiwasi, nenda hospitali ya rufaa, waambie unataka sukari, homoni ya tezi ya shingo, prolaktini na testosteroni, na hiyo ya mwisho damu itolewe asubuhi kabla ya saa nne kwa sababu inashuka kadiri siku inavyokwenda, ukienda umetoka kupakua dagaa saa nane mchana utaambiwa iko chini bure. Na ukifika mbele ya daktari, tafadhali usiseme "sina nguvu za kiume". Ukisema hivyo, foleni ni ndefu, atakuandikia vidonge vya kusimamisha na utarudi palepale kwenye maumivu ya kichwa. Sema: "Nguvu ninazo, asubuhi jogoo anawika. Ila tangu nibalehe sijawahi kumtamani mtu, na sio kwamba ilikuwepo ikapotea." Akikuuliza unachotaka akufanyie, mwambie unataka kuhakikisha tu kwamba mwili uko salama kabla hujaenda kuongea na mchumba wako.